Anza na Ishirini, Ushuke

Katika toleo lililopita niliandika, kwa kupitia tu, kwamba msemaji wa Kiswahili anayejifunza kuhesabu kwa Kiarabu hana haja ya kuanzia moja. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala zangu zote za mwaka huu kuhusu ngeli, jambo lililonifurahisha na kunisikitisha kidogo kwa wakati mmoja. Nimechagua barua sita, na zilizokuwa ndefu nimezifupisha bila kugusa hoja. Maneno ya Kiarabu nimeyaandika kwa herufi zetu. Alama ya ' inasimama mahali pa herufi 'ayn, ambayo nitaieleza katika jibu la kwanza.

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni fundi cherehani hapa Jinja, nina miaka 46, na tangu Ramadhani iliyopita ninahudhuria darasa la jioni la watu wazima msikitini kwetu. Kila siku ustadhi hutuanzisha kwa wahid, ithnan, thalatha, nasi tunaitikia mpaka 'ashara. Nikiwa ndani ya kundi ninaweza. Nikiwa peke yangu, ukiniuliza saba ni nini, ni lazima nianze tena na wahid nipande mpaka niifikie. Je, ni umri, au kuna njia nyingine?

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yangu fundi. Si umri. Ulichofundishwa ni wimbo, na mtu anayejua wimbo akiulizwa ubeti wa saba hulazimika kuanza na wa kwanza. Watoto wana miaka mingi ya kuusahau wimbo na kubaki na namba. Wewe una nguo za watu zinazosubiri Idi.

Tumia chombo ulicho nacho. Tandaza futi yako ya kupimia mezani, upande wa sentimita, uweke kidole kwenye 20, kisha usogee kwa kumi-kumi huku ukisoma kwa sauti: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini, mia. Hayo uliyoyasoma ni Kiarabu. Mtu wa Khartoum akihesabu makumi husema 'ishrin, talatin, arba'in, khamsin, sittin, sab'in, tamanin, tis'in, na hata mwenye sikio zito atatambua kwamba ni maneno yale yale. Katika Kiarabu cha vitabuni miisho yake hubadilika, mara 'ishrun, mara 'ishrin, kwa kufuata kazi ya neno katika sentensi; Kiswahili kilichukua umbo la pili, ambalo ndilo lililozoeleka midomoni mwa watu.

Sasa rudi nyuma ukikata ule mkia wa -ini. Ndani ya thelathini imo thalatha, yaani 3. Ndani ya arobaini imo arba'a, 4. Hamsini inakupa khamsa, 5. Sitini inakupa sitta, 6. Sabini inakupa sab'a, 7. Themanini inakupa thamaniya, 8. Na tisini inakupa tis'a, 9. Ishirini nayo ina mzizi mmoja na 'ashara, yaani 10. Kwa mwendo huo umepata namba nane kati ya kumi kabla hujakariri neno jipya hata moja, na zimebaki mbili tu, wahid na ithnan. Hata hizo si ngeni kabisa. Wahid ni ndugu ya ile Ahad unayoisoma katika Suratul Ikhlas, na ithnan imejificha katika thenashara, neno ambalo wazee wa mwambao walilitumia kwa 12, kama walivyotumia hidashara kwa 11. Msudani na Mmisri wa leo husema hidashar na itnashar, nawe ukilisikia ni kama unamsikia mzee wa Lamu au Mombasa akitaja saa.

Utaona kwamba nimekupeleka kwenye makumi kwanza kwa sababu huko ndiko Kiswahili kilikokopa kwa wingi. Katika namba ndogo tulikopa tatu tu: sita, saba na tisa. Ushahidi unaushika kila siku dukani kwako bila kuutambua, kwa kuwa husema vitambaa vitatu, vitambaa vitano na vitambaa vinane, lakini husemi vitambaa visita. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane ni za nyumbani, nazo huvaa kiambishi cha kile kinachohesabiwa. Sita, saba na tisa ni wageni, hazivai. (Kumi ni la nyumbani pia, ila lina tabia ya nomino na hujisimamia.) Kabla ya wageni hao tulikuwa na kenda kwa 9, ambalo bado linasikika kwa wazee, na fungate kwa 7, ambalo sasa wameachiwa maharusi peke yao kwa siku zao saba za ndani. Aliyekulia katika Luganda hatasumbuka kulielewa jambo hili, maana huko nako husemwa abantu bataano, kisha abantu mukaaga bila kiambishi chochote.

Kuhusu 'ayn: ni sauti ya kooni ambayo Kiswahili kiliiacha njiani, na ndiyo maana sab'a imekuwa saba na tis'a imekuwa tisa. Anza kusema "a", kisha ibane kooni kabla haijatoka yote. Mwanzoni utajiona kama mtu aliyepaliwa na chai, lakini usiiogope. Ukiiacha kabisa bado utaeleweka, na itakuja yenyewe kadiri unavyomsikiliza ustadhi wako.

Zoezi langu ni hili. Usihesabu kwa kupanga tena, walau kwa mwezi mmoja. Kila mteja unayempima, vipimo vyake viseme kimoyomoyo kwa Kiarabu kama vinavyokuja, vikiwa vimechanganyika: kiuno 70, sab'in, mkono 60, sittin, kifua 96, sitta wa tis'in. Wateja hawaji kwa kupangwa kutoka mdogo hadi mkubwa, na hilo ndilo litakalouvunja wimbo.

SWALI: Mwalimu, nauza mayai pale Elegu, mpakani na Sudan Kusini, na wateja wangu wengi wanatoka Nimule na Juba. Namba ninazijua. Lakini mwezi uliopita mteja aliagiza kwa simu trei arba wa tamanin, nami nikamwandalia 48, kumbe alitaka 84. Kila neno nililisikia vizuri. Nilikosea wapi?

JIBU: Sikio halikukosea, dada yangu, mkono ndio uliokimbia. Kiarabu hutaja mamoja kabla ya makumi, kwa hiyo 84 husemwa "nne na themanini", nawe uliposikia nne ukaandika 4, uliposikia themanini ukaandika 8 mbele yake, ukapata 48. Kosa hili huwapata hata waliosoma miaka, hasa kwenye simu, na si wengi wanaokubali kulisimulia.

Dawa yake iko kwenye karatasi. Ukisikia arba, andika 4 ukiacha nafasi ya tarakimu moja kushoto kwake. Ukisikia wa tamanin, rudi ujaze 8 katika nafasi ile. Ikiwa kuna mia, yenyewe hutangulia: 184 ni mia, kisha nne, kisha themanini, na kalamu yako itaandika 1, iruke nafasi moja, iandike 4, halafu irudi katikati kuweka 8. Mwaka mzima husemwa hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale kilifunguliwa mwaka 1988, na mwaka huo kwa Kiarabu ni alf wa tis'umia wa thamaniya wa thamanun: elfu, na mia tisa, na nane, na themanini. Kabla ya kupakia mzigo, mrudishie mteja oda kwa tarakimu moja moja, tamanya, arba, naye akubali. Trei 36 za mayai zilizopungua ni gharama kubwa kuliko sekunde kumi za simu.

SWALI: Assalam aleikum Mwalimu. Mimi ni mama wa Kinubi kutoka Bombo. Mwanangu wa miaka saba amerudi kutoka madrasa akilia kwa sababu alihesabu kama tunavyohesabu nyumbani, wai, tinen, talata, arba, kamsa, mpaka tamanya, na mwalimu akamwambia mbele ya wenzake kwamba hicho ni Kiarabu kilichovunjika. Je, nimzuie asihesabu kwa Kinubi mpaka atakapokijua Kiarabu sahihi?

JIBU: Wa alaikum salaam, mama. Usimzuie. Mweleze kwanza kwamba nyumbani kwao huzungumzwa lugha, tena lugha yenye historia. Mwaka 1891 Lugard, afisa Mwingereza, aliwachukua kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, askari wa Kisudani waliobaki baada ya Emin Pasha, aliyekuwa gavana wao, kuondoka, akawaleta huku pamoja na familia zao. Watu hao walikuwa wa makabila mengi, na kilichowaunganisha kambini kilikuwa Kiarabu walichokifanyia kazi mpaka kikawa chao. Watoto wao wakazaliwa ndani yake. Lugha inayozaliwa hivyo huwa na kanuni zake, na Kinubi kinazo.

Mwalimu wa madrasa ana haki ya kudai thamaniya darasani, kwa sababu anafundisha Kiarabu cha Kurani na cha vitabuni. Hana haki ya kucheka. Cairo nzima husema talata na tamanya. Akitaka kucheka na aanzie huko.

Ukitaka kumsaidia mtoto, keti naye jioni moja mweke Kinubi na Kiswahili bega kwa bega, kwa kuwa mtoto huyo anazo lugha mbili ambazo kila moja imehifadhi kipande tofauti. Kinubi kiliigeuza th kuwa t, kikasema talata; Kiswahili kiliishika th, kikasema thelathini. Kwa upande mwingine, Kiswahili kililainisha kh ikawa h tupu, hamsini, wakati Kinubi kiliikaza ikawa k, kamsa, na sauti ya asili iko katikati ya hizo mbili, kh, ile ya mtu anayesafisha koo kidogo. Akichukua th ya bibi anayeongea Kiswahili, na mwendo wa neno kutoka kwa bibi anayeongea Kinubi, atakuwa amefika kwenye thalatha na khamsa kabla ya wenzake. 'Ayn ameikosa pande zote mbili, lakini hata wenzake hawana.

SWALI: Mwalimu wangu, mimi ni kijana wa Iganga, ninajiandaa kwenda Cairo kusoma. Namba za mdomo ninazo hadi elfu. Nimeambiwa huko tarakimu zenyewe zinaandikwa tofauti na zetu, na kwamba zetu ndizo zinazoitwa za Kiarabu. Nimechanganyikiwa. Nianzie wapi, na ni mitego gani ya kujihadhari nayo?

JIBU: Hongera, mwanangu. Kuchanganyikiwa kwako kuna sababu za haki. Tarakimu 1, 2, 3 tunazoandika Uganda huitwa za Kiarabu kwa kuwa Ulaya ilizipokea kupitia kwa Waarabu. Leonardo wa Pisa, maarufu kwa jina la Fibonacci, alijifunza hesabu hizo akiwa kijana huko Bugia, katika pwani ya Algeria ya leo, na mwaka 1202 akaziandikia kitabu. Waarabu wenyewe, kwa unyofu, walisema hesabu hizo ni za Kihindi, na al-Khwarizmi wa Baghdad aliziandikia kitabu chini ya jina hilo katika karne ya 9. Kuanzia Morocco hadi Tunisia wanaandika 1, 2, 3 kama sisi. Misri utakakokwenda, mabasi, bei za sokoni na nambari za magari utaziona kwa umbo la pili: ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩, kuanzia sifuri hadi tisa.

Hofu yako iweke kwenye chache tu, maana nyingine zinajieleza. Kiduara unachokiona, ٥, si sifuri, ni tano. Sifuri ni ile nukta, ٠. Umbo linalofanana na saba yetu, ٦, ni sita. Saba ni ٧, iliyofunguka juu kama mikono ya anayeomba dua, na nane ni ٨, hiyo hiyo ikiwa imepinduliwa. Mbili ina bonde moja kichwani, ٢, na tatu ina mabonde mawili, ٣, lakini Mmisri akiandika kwa mkono huziba bonde moja, hivyo tatu yake hufanana na mbili ya kitabuni. Na ingawa maandishi yao hutoka kulia kwenda kushoto, namba yenyewe hupangwa kama yetu, kubwa ikiwa kushoto.

Niliyajua hayo yote kwenye daftari siku nilipofika huko mara ya kwanza. Nilielekezwa nipande basi la 70. Nikasimama kituoni, likaja basi limeandikwa ٦٥, jicho langu la Kiganda likasoma saba na sifuri, nikapanda kwa furaha, nikakaa dirishani. Nilikuja kugundua kwamba nimepanda basi la 65 baada ya majengo kuanza kupungua na abiria kubaki wanne. Dereva aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia kwa Kiarabu fasaha mno cha vitabuni, akacheka mpaka akalazimika kupunguza mwendo.

Mtego wa pili ni saa, na huu hauonekani kwa macho. Sisi huku, kwa Kiswahili na kwa Luganda pia, tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni ile ambayo mikono ya saa inaonyesha nane. Mwarabu wa leo husoma mikono ya saa kama ilivyo. Akikuambia as-sa'a ath-thaniya, neno kwa neno ni "saa ya pili", lakini anakusudia ile tunayoita saa nane mchana. Ukitafsiri neno kwa neno utafika ofisini kwake mapema kwa saa sita kamili na kukaa kwenye benchi, kama alivyokaa mwenzangu mmoja akisubiri karatasi zake za uandikishaji. Utaona pia kwamba saa hutajwa kwa namba za mpangilio, ya pili, ya tatu, ya nne: ath-thaniya, ath-thalitha, ar-rabi'a; ni saa moja peke yake isemwayo al-wahida. Kabla hujasafiri, badili simu yako iwe kwa Kiarabu, tarakimu na saa vyote, uishi nayo Iganga kwa wiki mbili. Ni bora kupotea Iganga.

SWALI: Mwalimu, nafundisha shule ya msingi hapa Kampala na nimejiandikisha katika kozi ya Kiarabu mwishoni mwa wiki. Tulikwenda vizuri mpaka tulipoanza kuhesabu vitu. Nimeelezwa kwamba kitu kimoja kina umbo lake, viwili vina umbo lao, kuanzia vitatu hadi kumi kuna wingi, na kuanzia kumi na moja neno linarudi umoja. Juu ya hayo, namba hugeuza jinsia. Nimekaribia kuacha. Pili, je, laki ni Kiarabu?

JIBU: Usiache, mwalimu mwenzangu, bado. Fungua pochi kwanza.

Uganda tuna noti sita, na kwa bahati ambayo hakuna aliyeipanga, noti hizo sita zina kanuni zote ulizozitaja. Noti ya 1,000 ni alf: kitu kimoja, neno likiwa katika umoja, na wala huhitaji kusema moja. Noti ya 2,000 ni alfan, au alfen kwa wazungumzaji wa mitaani: hapa Kiarabu hakisemi "elfu mbili", kinaliongezea neno lenyewe mkia wa uwili, na hiyo ndiyo elfeen ambayo kamusi za zamani za Kiswahili ziliihifadhi pamoja na miteen ya mia mbili. Noti ya 5,000 ni khamsat alaf, na ya 10,000 ni 'asharat alaf: uko kati ya tatu na kumi, kwa hiyo elfu imegeuka kuwa wingi, alaf. Sasa toa noti ya 20,000. Ni 'ishrun alf. Alaf imetoweka, alf imerudi katika umoja wake, ingawa fedha zimeongezeka. Noti ya 50,000 ni khamsun alf, vivyo hivyo. Zipange mezani kutoka ndogo hadi kubwa, uzitaje, kisha uzichanganye na kuzitaja tena, na kanuni itakaa mkononi kabla haijakaa kichwani.

Jinsia nayo iko kwenye sarafu. Weka sarafu ya 500 kando ya noti ya 5,000. Ya kwanza ni khamsumia, ya pili ni khamsat alaf, na tofauti iko kwenye ile t. Mia katika Kiarabu ni neno la kike, na khamsa mbele yake huvua t. Alf ni la kiume, na khamsa mbele yake huivaa. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu kuanzia tatu hadi kumi: namba huchukua vazi la kike mbele ya neno la kiume, na kinyume chake, hivyo wavulana watatu ni thalathat awlad na wasichana watatu ni thalath banat. Mia ina ukaidi mmoja zaidi, kwamba hukataa wingi hata baada ya tano. Sarafu ya 200, miatan, itakukumbusha uwili siku utakayokuwa huna noti ya 2,000, siku ambazo kwa mshahara wa mwalimu ninazifahamu.

Ushauri wangu, ambao mwalimu wako wa kozi huenda asiupende, ni kwamba suala la jinsia uliache kwa miezi miwili ya kwanza. Umoja, uwili na wingi usiviache, kwa kuwa ukikosea hapo msikilizaji anaweza kusikia kiasi kingine. Ukikosea t hakuna atakayekukatalia bidhaa, na hata watu wa Cairo katika mazungumzo yao wameshaifuta tofauti hiyo: talat wilad, talat banat, basi. Kwenye mtihani itakutoza alama, kwa hiyo irudie kabla ya mtihani.

Laki si Kiarabu. Ilitufikia kutoka Bara Hindi, na Mwarabu husema miat alf, yaani mia ya maelfu. Wewe wa Kampala una kazi ya ziada, kwa sababu sokoni unahesabu kwa mitwalo, na omutwalo mmoja ni elfu kumi. Kodi ya nyumba ya emitwalo etaano si khamsa ya kitu chochote. Igeuze kwanza iwe elfu hamsini, kisha useme khamsun alf. Wanafunzi wangu wengi waliokuwa wakikwama kwenye fedha hawakuwa wamekosa Kiarabu, walikuwa wameruka hatua hiyo.

SWALI: Naomba kujua, Mwalimu: Alhamisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano. Mbona inafuata Jumatano, ambayo nayo ina tano ndani yake? (Msomaji, Masaka)

JIBU: Umeona jambo ambalo wengi hulipita. Kiarabu huanza kuhesabu wiki siku ya Jumapili, ambayo huitwa al-ahad, ya kwanza. Jumatatu ni al-ithnayn, Jumanne ni ath-thulatha, Jumatano ni al-arbi'a, na Alhamisi ni al-khamis, ya tano. Kiswahili kilianza kuhesabu siku moja mapema, mara tu baada ya Ijumaa: Jumamosi, yaani ya mosi, kisha Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, ambayo kwa mpango huo ni ya tano. Kingeendelea kingepata siku ya sita; badala yake kilichukua jina la Kiarabu kama lilivyo, pamoja na tano yake. Ndiyo maana tuna siku mbili za tano zinazofuatana.

Hapo Masaka mna ya tatu. Luganda huhesabu kuanzia Bbalaza, ambayo ni Jumatatu, na kwa hesabu hiyo Lwakutaano, siku ya tano, ni Ijumaa. Mwanafunzi wa Kiarabu aliyekulia Masaka hujikuta na tano tatu mfululizo, Jumatano, al-khamis na Lwakutaano, na akipewa miadi ya yawm al-arbi'a, siku yenye nne ndani yake, atakuwa mwangalifu akienda Jumatano na si Jumanne, wala si Lwakuna, ambayo ni Alhamisi.